Maswali ya Wasomaji: Neno la mwaka 1215, panya wa Bagira na kasiksi ya Walungu

Wasomaji wapenzi, jambo lenu wote.

Tangu tulipoandika juu ya Misa ya Alhamisi Kuu, barua zimefululiza. Nyingine ziliandikwa kwa stilo kwenye karatasi ya daftari na kuletwa kwa mkono baada ya Misa ya kwanza, nyingine zilikuja kwa simu usiku. Nimechagua tano kwa sababu zinashikana: zote zinauliza juu ya hostia, ule mkate mwembamba wa Misa, na majibu yake yanapitia zile karne za kati ambamo Wakristo walibishana juu ya mkate huu kwa jasho na machozi. Kwa wasionijua, nimefundisha Kilatini na historia hapa Bukavu miaka 31, na huu ni mwaka wa 12 natunza sakristia, chumba cha vyombo vya Misa, ya parokia yetu. Najibu kwa niliyoyasoma na kwa niliyoyashika mkononi.

*Mama Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa chuo, nakaa Kadutu. Jirani yangu wa kanisa la uamsho ni kijana mwenye akili na tunapendana. Ameniambia fundisho letu la hostia kugeuka Mwili wa Yezu lilitungwa na Papa mwaka 1215, na kwamba kabla ya hapo Wakristo hawakulijua. Tena ameuliza: mkipeleka hostia maabara, si watakuta ngano tu? Nilinyamaza. Nimjibu nini?*

Mwanangu, hukukosea kunyamaza. Jambo hili halijibiwi mtu akiwa amesimama barabarani. Jirani yako ameshika tarehe ya kweli, ila kilichozaliwa tarehe hiyo sicho anachodhani.

Mwezi wa Novemba 1215 maaskofu walikusanyika Roma, kwenye basilika ya Laterano, wakiitwa na Papa Innocent III. Ungamo la imani lililofungua Mtaguso huo lilisema kwamba mwili na damu ya Kristo vimo kweli katika sakramenti ya altare, chini ya maumbo ya mkate na divai, *transsubstantiatis pane in corpus et vino in sanguinem*: mkate umegeuzwa kiini kuwa mwili, na divai kuwa damu. Ni neno moja ndani ya sentensi ndefu. Mtaguso haukulifafanua. Ulilitumia kama neno ambalo watu walishalizoea, maana walimu wa teolojia walikuwa wanaliandika tangu karne ya 12.

Neno ndilo la nyakati hizo. Imani yenyewe je? Ignasi wa Antiokia, aliyepelekwa Roma kuuawa mwanzoni mwa karne ya 2, aliwalaumu waliojitenga na Ekaristi kwa kuwa hawakukiri kwamba ni mwili wa Mwokozi wetu Yezu Kristo. Ambrosi, askofu wa Milano katika karne ya 4, aliwafundisha waliotoka kubatizwa kwamba kabla ya maneno matakatifu ni mkate, na maneno yakiisha kutamkwa ni mwili wa Kristo. Kwetu mtoto anazaliwa, analia, ananyonya, ndipo wazee wanakaa kumtafutia jina. Hakuna anayesema mtoto alianza kuwapo siku ya jina.

Lakini nisikufiche: huyo mtoto alilelewa kwa ugomvi. Na hapo ndipo ninapopenda kukaa, kwa sababu ugomvi wenyewe unafundisha.

Kaskazini mwa Ufaransa kulikuwa na monasteri ya Corbie. Katika karne ya 9 waliishi humo watawa wawili, Paschasius Radbertus na Ratramnus, waliosali katika kanisa moja na kula meza moja. Radbertus aliandika kitabu, kwenye mwaka 831 hadi 833, akisema mwili ulio altareni ni ule ule uliozaliwa na Maria, ukateswa msalabani, ukafufuka. Baadaye mfalme Charles le Chauve akamuuliza Ratramnus: waumini wanachopokea kinywani, ni mwili wa Kristo kwa fumbo au kwa ukweli? Ratramnus akajibu kwamba ni mwili wa Kristo kwa fumbo, kwa nguvu ya kiroho isiyoonekana, na kwamba si sawasawa na mwili ule uliotundikwa ukaonekana kwa macho. Hakuna aliyefukuzwa monasterini. Waliandika, wakaachiana nafasi. Nimewaambia wanafunzi wangu mara nyingi wawakumbuke wale wawili wanapotaka kutupiana maneno.

Miaka 200 baadaye amani hiyo ilikwisha. Berengar, mwalimu wa Tours, alishikilia mafundisho ya Ratramnus na kuyapeleka mbali zaidi: mkate unabaki mkate, akasema, na kugeuka kwake ni kwa maana, si kwa kitu chenyewe. Mwaka 1059 alisimamishwa mbele ya sinodi Roma, akasomeshwa kiapo kilichoandikwa na Kardinali Humbert. Kiapo kilisema mwili wa kweli wa Kristo unashikwa kwa mikono ya mapadri, unavunjwa, na kusagwa kwa meno ya waumini, na hayo yote si kwa ishara tu bali kwa kuguswa kweli. Akatupa maandishi yake mwenyewe motoni.

Kila nikiisoma sentensi ile ya meno, mwili unanisisimka. Watu wa Humbert waliogopa hostia isibaki ishara tupu, na hofu hiyo naielewa kabisa. Ila walikimbia upande mmoja hadi wakagonga pua zao kwenye ukuta wa upande wa pili, wakasema kama vile tunatafuna nyama. Berengar aliporudi kwao alikikana kiapo, na Lanfranc, mtawa wa Bec, akamwandikia kitabu kizima cha kumjibu. Mwaka 1079, mbele ya Papa Gregory VII, Berengar aliapa tena, na safari hii maneno yalikuwa mengine: mkate na divai vinageuka *substantialiter*, yaani katika kiini. Hesabu mwenyewe. Ni miaka 20, na neno meno limeondoka, neno kiini limeingia. Watu walikuwa wamefikiri na kusali, wakapata namna ya kusema "kweli" bila kusema "nyama". Neno la 1215 ni mtoto wa sentensi ile ya 1079. Na ukisikia mtu anadai kwamba Kanisa lilimeza tu falsafa ya Aristotle, mwambie kiapo hicho kiliandikwa kabla ya vitabu vyake vikubwa kutafsiriwa na kufika Paris.

Sasa maabara. Embe likiwa bichi ni gumu, la kijani, kali mdomoni. Likiiva ni la njano, laini, tamu. Sifa zimebadilika, lakini ni embe lile lile, kiini kimebaki. Chukua sasa mti uliochomwa ukawa makala. Hapo sifa na kiini vimekwenda pamoja, wala hakuna mama wa Kadutu atakayekuuzia gunia la makala akikuambia ni mti. Namna hizo mbili za kugeuka tunaziona kila siku. Altareni, kwa imani yetu, kuna namna ya tatu, na Thomas wa Aquino, mwalimu mkubwa wa teolojia wa karne ya 13, anakiri waziwazi kwamba haimo katika maumbile, ni kazi ya uwezo wa Mungu peke yake: kiini kinageuka, sifa zinabaki. Weupe unabaki, uzito unabaki, ladha inabaki, hata kukauka ulimini.

Na sifa hizo si kiinimacho. Thomas anasisitiza kwamba macho na ulimi havidanganywi, kwa kuwa kazi yao ni kupima sifa, na sifa zipo kweli. Anafika mbali hadi kusema maumbo hayo yanaweza kumlisha mtu, na aliyekunywa divai nyingi iliyogeuzwa atalewa. Ndiyo maana hata leo mgonjwa ambaye tumbo lake halipatani na ngano hawezi kuambiwa apokee tu hostia ya kawaida kwa kuwa "si ngano tena". Ataumwa.

Basi mwambie jirani yako: ndiyo, maabara itakuta kila sifa ya ngano, na hivyo ndivyo tulivyofundishwa tangu mwanzo. Maabara inapima kinachopimika. Ukimaliza, mwulize yeye anaelewaje maneno "Huu ni mwili wangu", halafu msikilize mpaka mwisho. Corbie waliweza.

*Mama Mwalimu, kwenye kapela yetu huku Bagira panya alipenya tabernakulo ya mbao, kile kisanduku cha kuhifadhia hostia, akazitafuna. Mtoto wangu wa miaka 9 aliona vipande, akauliza mbele ya watu: "Mama, panya amekula Yezu?" Nilimpiga kibao kwa hofu. Sasa naona aibu. Nimwambie nini?*

Mama, kwanza mwite mtoto umwombe radhi. Swali lake liliulizwa Paris zaidi ya miaka 800 iliyopita na walimu wakubwa wa teolojia, tena darasani, kwa sauti, na kila mmoja alitaka kulijibu.

Peter Lombard, ambaye kitabu chake kilisomwa na kila mwanafunzi wa teolojia kwa karne nyingi, aliandika: panya anapokea nini, anakula nini? Akajibu kwa maneno matatu ya Kilatini, *Deus novit hoc*, Mungu ndiye anayejua hilo. Akaendelea na mambo mengine. Nilipoyasoma mara ya kwanza nilikuwa msichana, na yalinituliza kuliko maelezo marefu.

Waliokuja nyuma yake hawakutaka kuishia hapo. Bonaventure, Mfransisko, aliona ni heshima zaidi kusema kwamba mwili wa Kristo haufiki tumboni mwa panya. Thomas, Mdominiko, akakataa. Alisema maumbo ya mkate yakiwa bado yapo, Kristo yumo, hata hostia ikianguka matopeni, hata ikiliwa na panya au mbwa. Panya hali sakramenti, kwa kuwa hajui sakramenti. Anatafuna tu maumbo. Ndipo akaongeza jambo ambalo kila nikilikumbuka naacha ninachofanya: Kristo hapungukiwi heshima kwa hilo, kwa maana alikubali kusulubiwa na wakosefu na heshima yake haikupungua.

Walikuwa rafiki wa kazi moja, wale wawili, na wote walifariki mwaka 1274, Thomas mwezi wa Machi akiwa njiani kwenda Mtaguso wa Lyon, Bonaventure mwezi wa Julai akiwa Mtagusoni penyewe. Sijui kama mtoto wako atataka kuyajua hayo, ila mwambie. Watoto wanapenda kujua kwamba watakatifu hawakukubaliana juu ya panya.

Mimi pia nimeyaona. Mwaka wangu wa pili sakristiani, nilifungua siborio, kikombe cha kuwekea hostia, asubuhi ya siku ya kazi, kifuniko kilikuwa kimekaa upande, na hostia ya juu ilikuwa imeliwa ukingoni, alama ndogo ndogo kama za msumeno. Mikono ilinitetemeka. Nilimwita padri. Hakupiga kelele. Alichukua ile iliyotafunwa pamoja na makombo, akayatia katika glasi ya maji, akafunika, akaiacha hadi vilipoyeyuka kabisa na umbo la mkate likaisha; kisha akamwaga maji yale nyuma ya kanisa, chini ya mti, mahali ambapo hakuna anayekanyaga. Baadaye nilikuta katika maandishi ya Thomas kwamba nzi au buibui akianguka katika kalisi, kikombe cha divai ya Misa, baada ya mageuzo, ashikwe taratibu, aoshwe, achomwe, na majivu yake pamoja na maji ya kuoshea yatiwe mahali patakatifu. Ni uangalifu ule ule, wa mtu anayejua anachokishika.

Ila mama, hapo kwenu lipo jambo la kutengeneza haraka. Mtaguso ule ule wa 1215, katika kanuni yake ya 20, uliamuru Ekaristi ihifadhiwe kwa kufuli na ufunguo, na padri atakayeiacha wazi kwa uzembe asimamishwe kazi miezi mitatu. Tabernakulo ya mbao yenye tundu haifai. Shirika lenu lichange. Fundi wa chuma hapo Bagira atapiga sanduku la ndani kwa siku mbili.

*Mama, mimi ni mzee wa Walungu. Kwetu ngano hatulimi, zabibu hatujawahi kuziona shambani. Tunaishi kwa mhogo, mahindi na ndizi. Misa tunaimba kwa ngoma zetu. Kwa nini Yezu asije katika bugali na kasiksi, pombe yetu ya ndizi?*

Papa, swali lako halitoki kichwani tu, linatoka kwenye jembe, na nalijibu kwa heshima.

Thomas alijiwekea pingamizi hilo hilo miaka ya 1270: ngano na divai hazipatikani kila nchi, basi zingewezaje kuwa lazima? Akajibu kwamba ijapokuwa hazizai kila mahali, zinaweza kupelekwa kwa urahisi kila mahali, kwa kiasi kinachotosha sakramenti. Mimi nampenda Thomas na nimemsoma maisha yangu yote, lakini hapo neno "kwa urahisi" ni la mtu aliyezaliwa katikati ya Italia, kwenye nchi ya ngano na mizabibu. Kuna mwaka barabara zilifungwa na chupa ya divai ya Misa ikawa haionekani Bukavu hata kwa dola. Padri alipima kwa kijiko cha chai. Nilisimama pembeni nikihesabu pamoja naye matone, nusu kijiko kwa Misa, na tone moja la maji, nikijiuliza kama tutafika Pasaka. Tulifika, chupa ikiwa imebaki na kidole kimoja chini.

Sababu yake ya ndani zaidi ni hii: tunafanya alichofanya Yezu, kwa vitu alivyovishika. Usiku ule Yerusalemu mezani palikuwa na mkate na tunda la mzabibu, na yeye mwenyewe alijifananisha na punje ya ngano inayoanguka ardhini ikafa. Sakramenti imefungwa kwenye usiku mmoja, mji mmoja, meza moja. Hata Misale, kitabu cha sala za Misa, ya majimbo yetu, iliyokubaliwa na Roma tarehe 30 Aprili 1988, ikatupatia kucheza altareni, kuwaita wahenga wetu wenye moyo mnyofu na kumjibu padri kwa sauti ya kwetu, haikugusa mkate na divai. Nakubali kutii. Ila nakuambia pia, kasiksi inayonywewa na wazee kwa kupokezana kibuyu kimoja ina mengi ya kutufundisha juu ya karamu, na sioni aibu kumsikia padri akiihubiri.

Nami nina sababu yangu ndogo ya kuipenda ngano hii iliyotoka mbali. Nikiwa mtoto, mama yangu alisaidia masista kuchoma hostia. Hawatii chachu wala chumvi, ni unga wa ngano na maji basi, mwepesi kama uji wa mtoto mchanga. Chuma chenyewe kilikuwa mfano wa koleo yenye sahani mbili, ndani imechorwa misalaba. Kijiko kimoja katikati, unabana, mvuke unalia kwa pembeni, unahesabu pole pole, unafungua: karatasi nyeupe, nyembamba, ukiishika kwa nguvu inapasuka. Basi zile karatasi hulazwa usiku kucha mahali penye unyevu ili zisivunjike, kesho yake ndipo zinakatwa kwa kibomba cha duara. Sisi watoto tulingojea mlangoni vipande vya pembeni. Ngano nyingine ilitoka juu kule Lubero, kwa hiyo si yote iliyovuka bahari. Divai ndiyo ilikuwa mgeni daima, na hata jina lake ni geni: *du vin* ya Wafaransa ndiyo iliyokaa vinywani mwetu ikawa divai, neno la Kiswahili kabisa leo.

*Mama Mwalimu, kwenye mafungo huko Ibanda tulikunywa kalisi kwa mara ya kwanza. Je, miaka yote 40 nimekuwa nikipokea nusu?*

Hapana, mama yangu. Kristo aliye hai hatenganiki, mwili huku na damu kule. Palipo na mwili wake, damu yake ipo, na nafsi yake, na umungu wake. Walimu wa karne ya 13 waliliita jambo hilo *concomitantia*. Ukivunja hostia, kila kipande kina Kristo mzima, ndiyo sababu nafuta patena, sahani ya hostia, kwa kidole hata kama kombo ni dogo kama punje ya chumvi.

Kalisi iliondoka kwa waumini pole pole katika karne ya 12 na ya 13, zaidi kwa hofu ya kumwaga. Kisha desturi ikafanywa sheria kwenye Mtaguso wa Konstanz, tarehe 15 Juni 1415, na hapo mambo yakawa machungu, maana Wakristo wa Bohemia, nchi ya Wacheki, waliiona kalisi kama haki yao waliyonyang'anywa, wakaichora kwenye bendera zao na kupigana vita. Nadhani maaskofu wale walikuwa sahihi katika fundisho, wakawa wagumu mno katika sheria. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano kalisi imeanza kurudi. Ukipewa tena, kunywa kwa furaha. Hukuwa na upungufu jana.

*Mama, mimi ni mwanakwaya wa Goma. Kwa Sikukuu ya Mwili na Damu tunaimba Tantum ergo lakini hakuna anayetueleza. Inasema nini, na sikukuu hiyo aliianzisha nani?*

Ilianza na mwanamke, na inaniuma kwamba jina lake halitajwi vya kutosha. Juliana alikuwa mtawa wa Mont-Cornillon, karibu na Liège, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Tangu ujana wake aliona katika sala mwezi mpevu wenye sehemu moja yenye giza. Alielewa kwamba mwezi ni Kanisa, na giza ni sikukuu inayokosekana, ile ya Ekaristi. Alinyamaza nayo miaka mingi. Mwaka 1246 askofu wa Liège aliiamuru sikukuu hiyo jimboni kwake. Lakini Juliana alikuwa na maadui, alilazimika kuondoka monasterini, akahamahama, akafariki mwaka 1258 mbali na nyumba yake. Padri mmoja aliyekuwa shemasi mkuu huko Liège ndiye aliyechaguliwa baadaye kuwa Papa Urban IV, naye tarehe 11 Agosti 1264 akaitangaza sikukuu kwa Kanisa lote. Juliana hakuiona siku hiyo.

Nyimbo zake aliandikiwa na Thomas, yule yule wa panya na wa ngano. Watu wanamjua kwa vitabu vizito, lakini ukitaka kusikia moyo wake uko humo. *Tantum ergo* ni beti mbili za mwisho za *Pange lingua*. Ubeti wa kwanza unasema: basi sakramenti hii kubwa tuiabudu tukiwa tumeinama, na desturi ya kale iipishe ibada mpya, na imani iongeze pale hisia zinapopungukiwa. *Praestet fides supplementum sensuum defectui.* Yote niliyomwandikia kijana wa Kadutu hapo juu kwa kurasa, Thomas ameyatia kwenye mstari huo.

Koko wangu mzaa mama hakusoma hata darasa moja. Kilatini hicho alikipokea kwa masikio, utotoni, na alikuwa tayari kipofu nilipoanza kumwongoza kwenye maandamano ya sikukuu. Mara nyingi huwa ni mwezi wa Juni, kiangazi kimeanza, vumbi jekundu linapanda hadi kifuani. Nilimshika mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa na rozari. Kengele ilipolia mbele, alijua monstransi, chombo cha kuonyeshea hostia, inapita, akageuza uso upande huo hasa, akaimba. Mwaka niliokuwa na miaka 16 nilikuwa nimeanza Kilatini shuleni, na hapo ndipo nilipoyasikia maneno ya mdomoni mwake kwa mara ya kwanza kama maneno: *sensuum defectui*. Nikamwambia kwa sikio maana yake. Hakusimama wala hakunijibu. Alinibana mkono na kuendelea na ubeti wa pili.

Mkiimba huko Goma, msilikimbilie neno *defectui*. Lina silabi nne, de-fec-tu-i. Koko alizitamka zote.